Uvimbe wa chini ya taya unaokuja na chakula: ni tezi ya mate au ni mtoki?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 44, naendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Kwa miezi kadhaa sasa, kila nikianza kula, chini ya taya upande wa kulia panavimba, panakaza na kuuma. Baada ya saa moja au mbili panapungua penyewe. Ndimu na embe bichi ndiyo vinazidisha kabisa, na Ramadhani iliyopita funda la kwanza la futari lilikuwa mateso. Duka la dawa wamenipa antibayotiki mara mbili wakisema ni mitoki. Upande wa kushoto nako nina kichembe kidogo, hakivimbi wala hakishuki, hakiumi, kipo tangu mwaka jana. Dada yangu anasema itakuwa saratani. Nilipokwenda kituo cha afya, daktari alinichungulia mdomoni, akanipapasa kichwa chote mpaka kisogoni, wakati tatizo liko shingoni. Nitajuaje kama ni tezi ya mate au mtoki, na huko kote alikuwa anatafuta nini?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hilo linalowanyima usingizi nyumbani kwenu. Uvimbe unaokuja na sahani ya chakula na kuondoka baada ya kula, kwa kawaida si saratani. Saratani hukua, iwe polepole au haraka, lakini haifuati saa za mlo. Uliyonieleza ya upande wa kulia ndiyo hali ya tezi ya mate iliyozibwa njia yake, na mara nyingi kinachoziba ni kijiwe. Cha kushoto ni jambo jingine kabisa. Hicho ndicho kinachofanana na mtoki, na chanzo chake nakishuku kiwe mdomoni. Sijakupapasa, kwa hiyo maelezo haya ni ya kukufanya uende hospitali ukijua unachotafuta. Yasiwe sababu ya kutokwenda.

Watu huvichanganya vitu hivi viwili kwa kuwa vinakaa pamoja. Chini ya mfupa wa taya, kila upande, tezi ya mate na tezi za limfu zimelala mahali pamoja, zimetengana kwa milimita chache tu. Kazi zao hazifanani. Tezi ya mate hutengeneza kitu na kukitoa: ina mfereji, na mfereji huo una mlango ndani ya kinywa. Tezi ya limfu, ambayo ikivimba ndiyo tunaita mtoki, haina mlango wowote kinywani. Inapokea majimaji kutoka sehemu fulani ya ngozi, kinywa au koo, inayachuja, kisha inayapitisha mbele. Kwa hiyo ukishika uvimbe wa tezi ya mate, jiulize mlango wake uko wapi na kama uko wazi. Ukishika mtoki, jiulize unapokea kutoka wapi na huko kuna nini. Daktari wa kituo cha afya alikuwa anajiuliza hayo yote mawili kwa wakati mmoja, na mimi namsifu.

Tushughulike kwanza na kulia. Binadamu ana jozi tatu za tezi kubwa za mate, na nyingine ndogondogo kati ya 600 na 1,000 zilizotawanyika kwenye midomo, mashavu, kaakaa na ulimi. Kwa siku moja, zote pamoja hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate. Hiyo inayokusumbua ni tezi ya chini ya taya, yenye uzito wa gramu 7 hadi 16. Ina umbo la ajabu kidogo. Sakafu ya kinywa imetandazwa msuli mwembamba, na tezi hii imekunjika kuzunguka ukingo wa nyuma wa msuli huo: sehemu kubwa iko chini yake, unaishika kwa nje shingoni, na sehemu ndogo iko juu yake, ndani ya kinywa. Mfereji unaanzia kwenye hiyo sehemu ya juu, unasafiri mbele kiasi cha sentimita 5, na kufunguka chini ya ulimi, kwenye kijiuvimbe kidogo kabisa kando ya ule utando unaoufunga ulimi. Aliyeueleza mfereji huu ni Mwingereza Thomas Wharton mwaka 1656, na mpaka leo vitabu vinaubeba kwa jina lake.

Mfereji huo una shida tatu. Unapanda, kwa hiyo mate yake yanakwenda kinyume na mvuto wa ardhi. Mate yenyewe ni mchanganyiko wa maji na ute, mazito kuliko yale ya tezi ya shavuni, na yana kalsiamu zaidi. Kisha mlango wake ni mwembamba kuliko mfereji wenyewe. Ukiviunganisha hivyo unaelewa kwa nini vijiwe vya mate, ambavyo kwa sehemu kubwa ni chumvi za kalsiamu na fosfati, hutokea kwenye tezi hii kwa kiasi cha 80 kati ya kila 100.

Na kwa nini vinauma wakati wa kula tu? Ukiwa umetulia, tezi ya chini ya taya ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mate, karibu theluthi mbili, lakini ni kidogo kidogo, yanapenya pembeni mwa kijiwe bila wewe kujua. Ukionja ndimu, au hata ukiiona tu ikikatwa, ubongo unapeleka amri kupitia neva ya saba ya kichwa, ile ile inayoendesha misuli ya uso, kwa tawi dogo linalopita katikati ya sikio nyuma ya kiwambo. Tezi inasukuma mate mengi kwa ghafla na njia ni finyu. Mate yanajaa, gamba la tezi linavutika, na hapo ndipo pale panapokaza. Ukimaliza kula amri inakoma, mate yanavuja taratibu, uvimbe unashuka. Funda lako la futari liliuma kuliko yote kwa sababu tezi ilikuwa imekaa siku nzima bila kusukuma kitu, na mate ya mtu asiyekunywa maji huwa machache na mazito. Hili nalisema pia kwa ajili ya kazi yako. Madereva wengi hunywa maji kidogo makusudi ili wasisimame njiani, na dawa za mafua na mzio mnazomeza barabarani hukausha kinywa zaidi.

Unaweza kujikagua. Nawa mikono, simama mbele ya kioo, washa tochi ya simu. Nyanyua ulimi mpaka uguse kaakaa, futa chini yake kwa kitambaa safi, kisha kwa mkono mwingine kandamiza tezi kwa nje kutoka nyuma kuja mbele. Upande wa kushoto utaona tone la mate maangavu likichomoza. Linganisha na kulia. Pakiwa pakavu, njia imeziba. Pakitoka kitu cha maziwamaziwa au usaha, kuna maambukizi juu ya kuziba. Kisha weka kidole kimoja chini ya ulimi na kingine chini ya taya kwa nje, uvisogeze kuelekeana. Tezi ya mate utaihisi katikati ya vidole viwili, kwa sababu iko juu na chini ya ule msuli. Mtoki hauhisiki hivyo: uko nje tu, kidole cha ndani hakiukuti. Kipimo hiki hakina gharama na kina thamani kuliko watu wanavyodhani. Ukipitisha kidole cha ndani polepole kutoka nyuma kuja mbele unaweza hata kukikuta kijiwe chenyewe, kigumu, kimejibana kwenye mfereji.

Antibayotiki haiyeyushi kijiwe. Inasaidia pale tu penye maambukizi: homa, usaha, ngozi nyekundu yenye joto, au uvimbe uliokataa kushuka. Mara mbili ulizokunywa ulikuwa unatibiwa ugonjwa ambao huenda hukuwa nao. Kinachosaidia kwanza ni maji ya kutosha, kukanda kwa kitambaa cha uvuguvugu, na kuichua tezi kwa kuisukuma mbele kabla na baada ya kula. Kijiwe kidogo kilicho karibu na mlango hutoka chenyewe kwa njia hiyo. Kisipotoka, daktari wa kinywa au wa masikio, pua na koo hukitoa kwa kuchana kidogo chini ya ulimi, kwa ganzi ya mahali pale. Kilichojificha nyuma, ndani ya tezi, ni kazi kubwa zaidi: ama kamera nyembamba inayopita kwenye mfereji, palipo na kifaa hicho, ama kuondoa tezi yote. Nakuomba usikubali mtu yeyote akichokoe nyumbani kwa sindano au wembe. Neva inayokupa hisia ya ulimi inapita chini ya mfereji huo huo, ikiuvuka kutoka nje kwenda ndani, na ikikatwa nusu ya ulimi inakufa ganzi. Kwa upande wa nje nako, tawi la neva ya uso linaloshusha pembe ya mdomo linapita juu ya tezi, ndiyo maana mpasuaji anayejua kazi huchanja chini kabisa ya taya, umbali wa vidole viwili.

Hukuuliza kuhusu tezi ya shavuni, lakini dada yako ataniuliza, maana uvimbe wake ndio watu huuogopa zaidi. Inaitwa parotidi, nayo ndiyo kubwa kuliko zote, gramu 15 hadi 30. Imekaa mbele ya sikio na kushuka mpaka nyuma ya pembe ya taya. Ikivimba, ndewe ya sikio inanyanyuka kwenda juu na nje, na ile pembe ya taya inapotea. Mtoto mwenye matubwitubwi utamtambua kwa hilo ukiwa hatua kadhaa kutoka kwake. Mtoki wa shingo haunyanyui ndewe. Mfereji wa parotidi nao una urefu wa sentimita 5 hivi. Unavuka msuli wa kutafunia, ambao unauhisi ukiuma meno kwa nguvu, kisha unatoboa shavu na kufunguka mkabala na gego la pili la juu. Pitisha ulimi hapo, utakikuta kijinundu laini. Mdenmaki mmoja kijana, Niels Stensen, aliugundua mjini Amsterdam mwaka 1660 alipokuwa akipasua kichwa cha kondoo, na mwenyeji wake, mwalimu Gerard Blasius, akadai ni ugunduzi wake yeye. Waligombana hadharani. Jina lililobaki kwenye mfereji ni la kijana.

Kinachoifanya parotidi iogopwe na wapasuaji ni neva ya uso. Neva hiyo inatoka chini ya sikio, inaingia ndani ya tezi, na humo humo inagawanyika kuwa matawi makubwa matano: la kukunja paji la uso, la kufumba jicho, la shavu na mdomo wa juu, la mdomo wa chini, na la shingo. Ni bahati mbaya ya maumbile, kwa kuwa neva hiyo haiipi parotidi amri yoyote ya kutoa mate. Amri hiyo huja kwa neva ya tisa. Neva ya uso inapita tu humo. Kwa hiyo uvimbe wa mbele ya sikio haukatwi ovyo kwenye zahanati eti kwa kuwa unaonekana uko juujuu. Vivimbe vya parotidi takribani 80 kati ya 100 si saratani, lakini ule wa kawaida kuliko yote una gamba jembamba lisilokamilika, na ukikamuliwa tu badala ya kuondolewa pamoja na nyama inayouzunguka, hurudi baada ya miaka, safari hii ukiwa vipande vipande. Uvimbe wa parotidi unaoambatana na uso kulegea upande mmoja, huo usingoje wiki. Na kadiri tezi ya mate inavyokuwa ndogo ndivyo uwezekano wa uvimbe wake kuwa saratani unavyopanda: kwenye tezi ya chini ya taya unakaribia nusu kwa nusu, kwenye ile ya chini ya ulimi na zile ndogondogo unapita hapo. Nazungumzia donge gumu linalokaa na kukua, si uvimbe wako wa kuja na kuondoka.

Wapo pia wanaofanyiwa upasuaji wa parotidi vizuri kabisa, kisha miezi baadaye wanashangaa shavu linatoka jasho wakila. Nyuzi za neva zilizokuwa zikiiamrisha tezi itoe mate zimeota upya na kuingia kwenye tezi za jasho za ngozi. Daktari wa Poland, Łucja Frey, aliieleza hali hiyo kwa usahihi mwaka 1923 na inaitwa kwa jina lake.

Tezi ya chini ya ulimi nitaipita haraka: gramu 2 hadi 4, mate yake ni ute zaidi, haina mfereji mmoja bali vijifereji vingi vinavyofunguka moja kwa moja kwenye sakafu ya kinywa. Kimoja kikipasuka au kuziba, unapata lengelenge la bluu-bluu chini ya ulimi, laini, lisilouma.

Sasa limfu, ambako ndiko kuna jibu la kisogo chako kupapaswa. Kati ya tezi za limfu zinazokadiriwa kufika 800 mwilini, karibu 300 ziko shingoni. Wingi huo una maana: kinywa, pua na koo ndiyo malango ya vijidudu. Kila tezi ina eneo lake. Wewe unaijua mizani ya Vigwaza. Lori likizuiwa pale kwa mzigo uliozidi, hakuna anayesema mzigo umetengenezwa Vigwaza. Wanafungua karatasi waone umepakiwa wapi. Mtoki ni hivyo hivyo. Kinachovimba shingoni mara nyingi kimepakiwa kwingine, na mahali mtoki ulipo ndipo karatasi yake.

Tezi za nje zimezunguka kichwa kuanzia kisogoni hadi kidevuni. Za kisogoni hupokea kutoka ngozi ya nyuma ya kichwa. Mtoto mwenye mapunye au chawa, au aliyesukwa nywele zikakazwa mpaka ngozi ikatoka vipele, atakuwa na vichembe viwili vitatu hapo, na mama atakimbia naye kliniki akidhani ni jambo kubwa. Za nyuma ya sikio hupokea kutoka pembeni mwa kichwa na sikio lenyewe. Za mbele ya sikio na ndani ya parotidi zinapokea paji la uso, kope, na upande wa kichwa. Za chini ya taya, jirani wa tezi yako ya mate, zinapokea shavu, pembeni mwa pua, mdomo wa juu, fizi, karibu meno yote na pande za ulimi. Za chini ya kidevu zinapokea ncha ya ulimi, katikati ya mdomo wa chini na meno ya mbele ya chini. Mwanamume anayenyolewa ndevu kwa mashine chafu akatoka vipele atazikuta hizi mbili za mwisho zimeinuka.

Kutoka hapo majimaji yote yanashuka kwenye mnyororo wa ndani, unaofuata mshipa mkubwa wa damu wa shingo, chini ya ule msuli mnene unaotoka nyuma ya sikio hadi juu ya kifua. Tezi ya juu ya mnyororo huo, nyuma kidogo ya pembe ya taya, ndiyo ya mafindofindo: kila mtoto aliyewahi kuumwa koo anayo, na kwa mtu mzima inaweza kufika sentimita moja na nusu bila ubaya. Za katikati na chini zinapokea koo la sauti na tezi ya shingo, ile inayoleta rovu. Zilizo nyuma ya msuli, upande wa bega, zinapokea kichwa cha nyuma na pia ule uwazi ulio nyuma ya pua, ambako saratani inaweza kujificha muda mrefu, na dalili ya kwanza ikawa uvimbe wa shingo na sikio lililoziba. Tezi hizi za nyuma zina historia chungu. Mwaka 1803 tabibu Mwingereza, Thomas Winterbottom, aliyekuwa Sierra Leone, aliandika kwamba wafanyabiashara ya watumwa waliwapapasa watu shingo na kuwakataa waliovimba hapo, kwa kuwa walijua hao watakufa kwa malale.

Chini kabisa, juu ya mtulinga, mambo yanageuka. Upande wa kushoto, mfereji mkuu wa limfu unaobeba majimaji ya miguu yote miwili na tumbo zima unamwaga ndani ya mshipa wa damu papo hapo, penye makutano ya mshipa wa shingo na wa mkono. Kwa hiyo mtoki mgumu juu ya mtulinga wa kushoto unaweza kuwa umetoka tumboni, na daktari atakuuliza habari za kumeza, uzito na choo wakati wewe unaonyesha shingo. Hapo sina subira na neno "tutaangalia kwanza". Tezi ya mahali hapo ichunguzwe.

Kuna jambo moja la maumbile ambalo linaunganisha hadithi zote mbili, na mimi hulipenda. Wakati mtoto anaumbwa tumboni, parotidi inaanza mapema lakini inavikwa gamba lake ikiwa imechelewa, baada ya tezi za limfu kuota. Basi gamba linazifungia tezi hizo ndani. Tezi ya chini ya taya inavikwa mapema, kwa hiyo mitoki yake inabaki nje. Matokeo yake kwetu hapa Afrika Mashariki si ya kitabuni. Saratani ya ngozi ya kichwani au sikioni, inayowakumba sana ndugu zetu wenye ualbino kwa sababu ya jua, ikisambaa inaweza kuonekana kama uvimbe wa tezi ya mate, kumbe ni tezi ya limfu iliyofungiwa humo. Vivyo hivyo, parotidi zote mbili zikinenepa polepole bila maumivu, kwa mtoto au mtu mzima, kipimo cha VVU kiwe cha kwanza, maana virusi huamsha tishu ya limfu iliyo ndani ya tezi na kutengeneza vifuko vya maji. Kisukari na pombe nyingi navyo huinenepesha, kwa njia nyingine.

Turudi kwenye kichembe chako cha kushoto. Hakifuati chakula, kwa hiyo si mfereji. Kipo chini ya taya, kwa hiyo eneo lake ni shavu, fizi, meno na pande za ulimi. Ningekuwa na wewe hapa ningekuuliza una gego la chini kushoto lililotoboka, ambalo huuma kidogo, unanunua dawa ya maumivu, linanyamaza. Mtoki unaopigana na jino bovu mwaka mzima huwa mgumu kiasi na haupotei hata baada ya jino kupona, kwa sababu tishu yake imeshaacha kovu. Ulio mdogo wa sentimita moja, unaoteleza chini ya kidole, usiokua, si wa kukutisha.

Jino lenyewe lakini usilidharau. Mizizi ya magego ya pili na ya tatu ya chini inafika chini ya mshikizo wa ule msuli wa sakafu ya kinywa. Usaha wake ukipenya mfupa hauingii kinywani, unaangukia shingoni. Uvimbe unaoenea chini ya taya zote mbili, ulimi unaonyanyuka, mate yasiyomezeka, sauti inayobana: hiyo ni hatari ya saa chache, njia ya hewa inaweza kufunga, na dereva wa lori akiwa kwenye mlima Kitonga hana hospitali kubwa karibu. Likang'olewe au likazibwe kabla ya safari.

Kitakachobadilisha maoni yangu kuhusu kichembe hicho ni hiki: kikianza kukua, kikiwa kigumu na kimegandamana na taya au ngozi, kikiwa na wenzake walioshikana pamoja, au ukiwa na kidonda mdomoni kisichopona kwa wiki tatu, hasa kama unavuta sigara au unaweka ugoro. Umri wako pia unahesabika. Kwa mtu aliyepita miaka 40 uvimbe mpya wa shingo wa zaidi ya wiki tatu ni lazima upate jina. Mitoki iliyoshikana, isiyo na joto, inayolainika katikati, pamoja na jasho la usiku na kupungua uzito, kwetu mara nyingi ni kifua kikuu cha tezi. Mtu hakohoi hata kidogo. Hicho hutambuliwa kwa sindano nyembamba inayochota chembechembe, na dawa zake hutolewa bure katika hospitali za umma kwa miezi sita. Kasoro kubwa ninayoiona ni watu kukichana wakidhani ni jipu. Hapo kidonda hubaki kinavuja kwa miezi.

Na tahadhari ndogo: ukishaanza kujipapasa utakuta vitu vingi. Kuna mfupa mdogo juu ya kikoromeo wenye pembe pande zote mbili, kuna nundu ya uti wa mgongo kati ya taya na sikio, kuna mahali mshipa mkubwa wa damu unapogawanyika, panapodunda. Hivyo si mitoki. Kinachodunda usikikandamize, hasa pande zote mbili kwa pamoja.

Ukifika hospitali ya mkoa, waambie maneno haya: kulia huvimba nikila na hupungua, kushoto hakibadiliki. Omba ultrasaundi ya pande zote mbili za chini ya taya. Kwa kulia, eksirei ya sakafu ya kinywa nayo inaweza kukionyesha kijiwe, kwa kuwa vingi vya tezi hii vina kalsiamu ya kutosha kuonekana. Nenda na ndimu mfukoni, uinyonye dakika chache kabla ya kuingia chumbani, ili daktari aikute tezi ikiwa imevimba.